Kwa Nini Anaangalia Nyuma

Mume wangu nilimpata kwa ugomvi. Wenzangu walitongozwa vizuri, wakapelekwa Homa Bay kula samaki wakitazama ziwa. Mimi nilisimama kwenye kibanda cha kuuza filamu pale Rongo, flashi mkononi, nikimwambia mtu nisiyemjua kwamba hana akili.

Nilikuwa nimeenda kuwekewa msimu mpya wa katuni yangu. Tafadhali usicheke. Ni katuni ya mashindano ya baiskeli: kijana mmoja mwenye masikio makubwa, na baiskeli ya kijani iliyochomelewa kila mahali, anashindana kupanda milima msimu baada ya msimu. Jina lake silitaji hapa kwa sababu nyumbani kwetu limeshaleta vita vya kutosha. Tumwite Kijana. Nilianza kumfuata nikiwa bado najifunza kusuka, na siku hiyo ya Rongo tayari nilikuwa na saluni yangu Migori. Nikamwambia muuzaji, "Niwekee huu wa mwisho. Ule wa kwanza nimeuchoka, Kijana alikuwa mshamba sana."

Sauti ikatoka nyuma yangu. "Wa kwanza ndio wenyewe. Huko mbele ameharibika tu."

Ameharibika! Nikageuka. Nikaona jamaa mrefu, mikono imejaa grisi, anatabasamu kama aliyeulizwa maoni yake. Nikamwuliza nani amemwita. Akasema hakuna, lakini ukweli hauhitaji kuitwa. Wololo! Hapo nikaweka mkoba chini.

Lazima nikueleze tulichokuwa tunapigania, maana ndicho tunachopigania hadi leo. Mwisho wa msimu wa kwanza, Kijana anaongoza mbio za mlima mkubwa. Mstari wa kumalizia anauona. Basi anaangalia nyuma. Anaangalia tena. Anaogopa, unamwona anavyoogopa, jasho linamwingia machoni. Mara ringi ya mbele inagonga jiwe, anayumba, na mpinzani wake, yule mrembo mwenye baiskeli nyeupe, anampita pembeni tu. Nililia. Sasa rukia msimu wa mwisho: mlima ni uleule, Kijana anaongoza tena, na tena anaangalia nyuma! Lakini safari hii anamwona yule wa baiskeli nyeupe amesimama, cheni imekatika, hana hata spana. Kijana anageuza. Anateremka, anaiunga ile cheni, kisha wanapanda pamoja, na watu wengine wawili wanawapita.

"Miaka yote hiyo," alisema yule jamaa wa grisi, "bado anaangalia nyuma na bado anashindwa. Amekua wapi? Msimu wa kwanza angalau alikuwa na njaa ya ushindi."

"Wa kwanza aliangalia nyuma kwa woga," nikamwambia. "Wa mwisho aliangalia nyuma kuona mwenzake amefika wapi. Wewe macho unayo ya nini?"

Muuzaji alituomba tukamalizie nje. Tulimalizia kwenye hoteli ya jirani, chai ikapoa, na kesho yake jamaa akaja Migori, eti anatafuta saluni ya dada yake. Hana dada.

Alikuwa fundi wa injini za boti, mtu wa Sindo. Alipoanza kuja kila wiki, wateja wangu waligawanyika. Nikiwa namsuka mtu wa msimu wa kwanza, nywele nilikuwa nazivuta kidogo zaidi. Watu wa boda nje nao walikuwa na kambi zao, na hawa hata katuni yenyewe hawakuwa wameiona. Walikuwa wanashabikia tu kelele zetu. Tukaoana hivyohivyo, hoja haijaisha. Siku ya harusi alininong'oneza, "Msimu wa kwanza," mchungaji akiwa bado anaomba, nami nikamkanyaga kiatu.

Kisha tukapata mtoto, mvulana, na mambo yakawa makubwa.

Kwetu Wajaluo jina la kwanza la mtoto halina ubishi, linatokana na saa aliyozaliwa. Jua limechomoza, umezaliwa, jina ni lako, kwisha. Kazi iko kwenye jina la pili. Hilo unapewa la mtu, na mtu mwenyewe awe amefanya kitu. Mama mkwe wangu alikuwa na mtu wake: marehemu mumewe, baba yake huyu fundi wangu. Nami nilikuwa na wangu. Nilitaka jina la Kijana, na nilikuwa nimelitaka tangu tumbo halijaonekana.

Usidhani nilikuwa nacheza. Huyo mkwe mimi sikuwahi kumwona akiwa hai. Kwangu alikuwa picha ukutani Sindo: mzee amevaa koti, amekunja uso, nyuma yake pazia la studio. Mtoto wangu nitamwitaje kwa picha? Kijana nilikuwa nimeishi naye. Alikuwa nami nilipofukuzwa saluni ya kwanza, alikuwa nami mama yangu alipolazwa. Kumbe na mume wangu alilitaka jina hilohilo, ila kwa sababu zake mbovu za msimu wa kwanza.

Nilikuwa Sindo kwa mama mkwe, nikitunzwa pamoja na mtoto wangu mchanga, nilipotoa hoja yangu. Mama alikuwa anachambua omena. Alisimamisha mikono.

"Huyo mtu ni wa wapi?"

"Ni wa kwenye runinga, Mama."

"Amekufa?"

"Hajafa. Amechorwa."

"Yawa!" Akaweka sinia chini. "Nyar Migori, unataka mjukuu wangu aitwe kwa mtu amechorwa?" Hilo la Nyar Migori ndilo jina langu pale bomani, binti wa Migori, na kwa jinsi anavyolitamka unajua kama umekosea au la. Siku hiyo nilikuwa nimekosea.

Mume wangu akaingilia kunisaidia. Akasema Kijana ni mpiganaji kweli, hasa msimu wa kwanza. Nikasema hapana, hasa wa mwisho. Akasema wa mwisho alishalainika. Nikasema kulainika ni wewe kichwa. Tulifika mbali kabla hatujakumbuka Mama yuko pale.

"Nyinyi wenyewe hamjakubaliana huyu mtu ni nani," akasema, "na mnataka kumvisha mtoto." Akafikiri kidogo. "Nileteeni huyo mtu nimwone. Nimwone tangu mwanzo. Jumapili baba mdogo anakuja kuitisha majina. Kama amefaa nitasema amefaa. Kama hajafaa, ni jina la mwenye nyumba hii na sitaki kelele."

Basi tukaanza. Kila siku mchana, kazi za jikoni zikiisha, Mama anakaa kwenye kochi na mtoto mapajani, sisi wawili kila mmoja upande wake. Na hapo ndipo tulipogundua neema kubwa: katuni inazungumza Kiingereza, na Mama Kiingereza hana. Anayetafsiri ndiye mwenye kesi!

Tulipeana zamu. Wee, mume wangu alifanya vituko. Msimu wa kwanza, Kijana akisema tu "nimechoka", jamaa anatafsiri, "Anasema hawezi kurudi nyumbani bila ushindi, hata mvua inyeshe mawe." Nami zamu yangu ilipofika sikubaki nyuma. Kijana akikohoa, mimi natafsiri, "Anasema sasa ameelewa makosa yake yote ya zamani." Siku mbili Mama alisikiliza akitikisa kichwa. Ya tatu akanishika mkono.

"Nyar Migori. Mtu amesema neno moja. Wewe umesema mpaka nimesinzia. Hayo mengine umetoa wapi?"

Mume wangu alicheka hadi akateleza kwenye kiti. Mama akamgeukia. "Wewe ndio usicheke kabisa. Jana mtu alikuwa anakula mkate na ukaniambia anaapa." Tangu hapo akakataza kutafsiri. Akasema macho yake yanatosha, na kwamba baiskeli haizungumzi Kiingereza.

Na kweli, baiskeli alizijua. Mimi sikuwa na habari! Kijana alipoanza kupanda mlima wa kwanza, Mama akasema, "Ameinama vibaya, mgongo utamuuma." Alipokata kona: "Hapo asikanyage, aiache ndiga ijiendee." Nikamwuliza amejulia wapi mambo ya baiskeli. Akanyoosha kidole ukutani bila kuangalia, kwenye ile picha ya koti.

"Huyo unadhani alikuwa nani?"

Ndipo nikasikia. Mzee wa kwenye picha alikuwa anabeba samaki kwa baiskeli, kutoka ufuoni Sindo kupanda hadi soko la Magunga, kapu kubwa kwenye keria linavuja maji hadi kisigino. Walikuwa vijana wengi, na wote walikimbizana, kwa sababu wa kwanza kufika ndiye anayechagua wanunuzi, na wa mwisho anabaki na samaki aliyelegea. Wanawake wa sokoni walisimama juu ya kilima kuwatazama wakija. Mama alikuwa mmoja wao, msichana tu, anauza ndizi.

"Alikuwa anakuja wa kwanza?" nikamwuliza.

"Kuja wapi! Alikuwa anaangalia nyuma." Mama akacheka akishika ubavu. "Anaongoza vizuri, halafu anaangalia nyuma nani anamfuata. Siku moja akaingia mtaroni na samaki wote. Mbuta mmoja akamlalia kifuani. Mimi ndiye nilienda kumtoa. Hivyo ndivyo nilimjua."

Nilimtazama mume wangu. Hakuwa ameijua hadithi hiyo, mdomo ulikuwa wazi kabisa. Nilisikia furaha ikinipanda hadi nikamnyonyesha mtoto upande uleule mara mbili.

Basi hiyo wiki, sijui nikuelezeje, nyumba iligeuka. Mama aliacha sufuria kwenye moto zikaungua. Majirani walisikia kelele wakaja kuuliza kuna nini, wakaambiwa wakae kimya. Alimchukia yule wa baiskeli nyeupe kwa moyo wote, akawa anamwita "huyo wa kujipaka mafuta". Kijana akianguka, Mama anapiga paja. Akipanda, Mama anapiga kelele, "Kanyaga! Kanyaga, usiangalie nyuma!" na mtoto mapajani pake anarukaruka naye, macho yametoka.

Ijumaa tulifika mbio za mwisho kabisa. Kijana anaongoza. Kijana anaangalia nyuma. Yule wa baiskeli nyeupe amesimama, cheni inaning'inia. Mama amekaa ukingoni mwa kochi. Mimi namtazama yeye, si runinga, kwa maana hapo ndipo kesi yangu yote ilipokuwa. Na hapo Mama akatupa jicho dirishani, akaona jua linagusa ziwa, akanyanyuka na kuzima runinga.

"Mama!" tukapiga kelele wote wawili.

"Sabato imeingia," akasema.

Mama ni Msabato wa kweli, Ijumaa jua likizama hakuna runinga hadi Jumamosi jua lizame. Tulimsihi. Dakika chache tu zimebaki! Akasema Mungu naye alikuwa na kazi nyingi na alisimama. Akaenda kuoga, lakini nilimsikia bafuni akisema peke yake, "Lakini huyo wa mafuta, amwache hapo hapo."

Sijawahi kuona Jumamosi ndefu namna ile. Kanisani tulikaa benchi moja. Katikati ya mahubiri Mama aliniinamia, nikadhani anataka nimpe mtoto. "Hiyo cheni," akanong'ona, "imekatika kweli ama anajifanya?" Nikauma kitambaa cha mtoto ili nisicheke. Mume wangu aliyekuwa upande wa wanaume akatuona, akajua, mabega yakaanza kumtikisika, na mhubiri akadhani ameguswa na neno.

Jua lilipozama siku hiyo, Mama hakungoja tumalize wimbo wa kufunga Sabato. Akawasha. Kijana akageuza baiskeli, akateremka, akapiga magoti, akaunga cheni. Wale wawili wakawapita. Nikajiandaa kwa hoja, niliipanga wiki nzima. Nikamtazama Mama, naye alikuwa analia, uso umelowa kabisa.

"Ni yeye," akasema. "Hivyo ndivyo alivyokuwa mwisho. Akiwa mzee alikuwa na nguvu kuliko hao vijana wote, na alikuja sokoni wa mwisho. Kila mtu akipata pancha, yeye anasimama. Nilimgombeza! Nikamwambia, mtu mzima bado unaangalia nyuma? Akaniambia, zamani niliangalia kama wananifikia. Sasa naangalia kama wote wapo."

Sikutoa hoja yangu. Ilikuwa imeshatolewa na mtu niliyekuwa namwita picha. Nilienda chumbani, nikakaa kitandani, na nikajua kabisa kwamba silitaki tena jina la Kijana. Nilitaka lile la mzee wa koti. Nililitaka vibaya sana.

Balaa ni kwamba Mama naye alikuwa amehama. Jumapili asubuhi akanipata jikoni. "Nyar Migori, nimekubali. Huyo wa kuchorwa amefaa. Mpeni."

"Hapana, Mama, tumpe la Baba."

"Nimesema amefaa!"

"Na mimi nimesema la Baba!"

Tukapandishiana sauti pale, kila mmoja anapigania jina la mwenzake, hadi mume wangu akaja na kutuuliza kama tumelogwa.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu, alifika adhuhuri na kofia yake ya sherehe. Kazi yake ni hii: mtoto akilia, wanamwitia majina ya watu, moja moja, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Mama kila siku alisema hayo ni mambo ya zamani, lakini kiti alikuwa ameshakiweka karibu. Mtoto hakutukawiza. Alipoona tu ile kofia aliangua kilio, kilio cha mtu aliyedhulumiwa.

Baba mdogo akakohoa, akataja jina la babu yake. Mtoto akaongeza sauti. Akataja la mjomba fulani shujaa. Wapi! Akavua kofia, akataja jina la kaka yake, polepole, kwa heshima, kama linavyotajwa makaburini. Mtoto akalia hadi akawa mwekundu. Moyo wangu ulianguka, nakuambia ukweli. Mume wangu akachukua nafasi, akataja la Kijana kwa mikogo yake ya msimu wa kwanza. Kilio. Akanisukuma nami nijaribu. Nikalitaja, bila kupenda. Kilio.

"Huyu hataki mtu," akasema Baba mdogo, akirudisha kofia.

Mama akamchukua mtoto. Hakuwa akimwita mumewe kwa jina, mke hafanyi hivyo. Alimwita Baba wa Watoto hadi anamzika. Lakini kumbe kulikuwa na mahali pamoja alipokuwa akiliita, zamani, juu ya kilima cha Magunga, na wanawake wenzake, baiskeli zikija. Akamwinua mtoto juu, akavuta pumzi, akaliita jina lile kwa sauti iliyofukuza kuku uani, kisha akaongeza: "Kanyaga! Kanyaga, usiangalie nyuma!"

Mtoto akanyamaza ghafla. Akamkodolea macho bibi yake, mdomo wazi, chozi limekwama shavuni.

"Ameshtuka tu," akasema mume wangu.

"Nyamaza wewe," tukamwambia sote watatu, na Mama akaanza kucheka na kulia pamoja, akizunguka chumba na mtoto, akiliita na kuliita. Baba mdogo akapiga makofi. Mimi nilipiga vigelegele hadi mishono ya uzazi ikaniuma.

Sasa mtoto ana baiskeli ya magurudumu matatu, ya kijani, usiniulize nani alichagua rangi. Kwa kuwa ana jina la babu yake, Mama anamwita "mume wangu", mbele za watu, bila aibu. Juzi alitutembelea Migori. Magoti yake siku hizi hayamtii, lakini alitaka kumsindikiza mumewe hadi dukani. Sisi wawili tulibaki mlangoni pa saluni tukiwatazama. Mtoto akatoka mbio, miguu inazunguka, kisha akaangalia nyuma.

"Umeona?" mume wangu akasema. "Msimu wa kwanza huo. Nilikuambia."

Mtoto akaangalia nyuma tena. Akamwona bibi yake mbali, ameshika kiuno, anahema. Akasimamisha baiskeli. Akaigeuza kwa shida, kwa kuinyanyua mkia, akarudi mpaka miguuni pake, na wakaanza kwenda pamoja, pole kabisa, watu wote wa barabarani wakiwapita.

Nilingoja. Mume wangu akajifuta uso kwa mkono wenye grisi, akajichafua zaidi.

"Haya," akasema. "Wa mwisho."